Nani Alisikia Mwano?

Mahona aliketishwa chini katikati ya uwanja wa mpira wa Bariadi, jua la saa saba likimpiga utosini, askari wawili nyuma yake. Shati la ulinzi alikuwa ameshavuliwa, wasije waandishi wakampiga picha nalo. Kijiji kizima kilikuwa kimeitwa kuja kumtazama.

Kosa lake lilikuwa hili. Mwaka ule ushirika ulikuwa umeshakufa, pamba imekosa bei, na kila kitu kimekuwa cha binafsi, hata ulinzi. Yalipokuja mashindano ya vijana ya mataifa jirani, timu moja ya taifa ililetwa kupiga kambi hapa, na kazi ya kuilinda ikapewa kampuni ya mjini. Kampuni yenyewe ilikuwa na magari na kofia. Watu haikuwa nao. Ikawachukua sungusungu, wale wale waliolinda ng'ombe wa kijiji miaka yote, ikawavisha mashati. Mahona akapewa kulinda darasa ambamo wachezaji huacha mabegi yao wakienda mazoezini. Akalinda, jamani. Hata mkojo aliubana.

Juzi mchana akaona watu wawili wa kampuni hiyo hiyo wakipitisha mabegi dirishani, nyuma ya darasa pikapu inanguruma. Akawauliza mali ya wageni wanaipeleka wapi. Mmoja akamsukuma, akaanguka. Mtu wa mjini angekimbilia simu ya upepo, lakini Mahona hakupewa simu. Akafanya alichofundishwa na baba yake: akapiga mwano, ule ukelele mrefu ambao Msukuma akiusikia hutupa jembe, akachukua upinde wake na kuukimbilia. Asiyeukimbilia hutengwa. Hapewi moto, hapewi maji, akifiwa anazika peke yake.

Wakaja. Maskini, walikuja kweli kweli. Walitoka mashambani vifua wazi, pinde mikononi, wakakatiza katikati ya uwanja ambamo watoto wa watu walikuwa wakipasiana mpira. Wageni wale wangejuaje? Waliona kifo kinawajia. Wakatimka, mmoja akaruka ukuta akavunjika mguu, na timu ikafungasha siku hiyo hiyo. Mhoja, shemeji yake Mahona, ndiye aliyeifikia pikapu kwanza. Aling'ang'ania begi moja hadi likabaki mikononi mwake, gari likaondoka na mengine. Sasa begi hilo lilikuwa mezani, likiitwa ushahidi kwamba wanakijiji walikuja kuiba.

Mezani walikaa mwenyekiti wa kamati ya mashindano na Selestini, mkuu wa kampuni ya ulinzi, ambaye hata jasho halikumtoka.

"Huyu anasema aliona wezi," mwenyekiti alisema. "Haya. Aliyesikia mwano, akaja, akaliona hilo gari, asimame aseme." Akanywa maji, akafuta midomo. "Ila ajue kwamba waliokuja ndio waliowashambulia wageni wa taifa. Wataondoka na huyu."

Hakuna aliyesimama. Mahona alimtazama Mhoja, akamtazama mpaka macho yakamuuma. Mwenyekiti akaona, akamnyooshea Mhoja kidole na kumuuliza.

"Nilikuwa Mwanhuzi, mnadani," alisema Mhoja. "Sikusikia kitu."

Wakaulizwa wengine. Huyu alikuwa anaumwa, yule alikuwa Maswa, Nyalikungu, kwa mjomba. Hakusikia. Hakusikia. Wanaume wazima, ambao mwaka jana wangempiga ngumi mtu aliyewaambia wamewahi kuukosa mwano, walisema hayo mbele ya wake zao. Mahona alilia. Alitaka kuwachukia akashindwa, maana kila mmoja alijua ana watoto wangapi.

Ni Nyanjige, mke wake, aliyesimama.

"Nilisikia. Na kaka yangu Mhoja alisikia. Upinde alikuja kuuchukua kwangu."

"Mama, mke si shahidi," mwenyekiti alimwambia kwa upole. "Kaa chini."

Hakukaa. Basi wakamwacha asimame, wakaendelea na shughuli zao. Selestini akainuka kwa mara ya kwanza, akasema timu nyingine ya taifa inaingia wiki ijayo, na kampuni haina kinyongo na kijiji. Inataka walinzi watulivu, wasiopiga makelele. Nani yuko tayari?

Mikono ikaanza kunyanyuka, kwanza ya nyuma, kisha hata ya mbele. Mhoja aliunyanyua wa kwake polepole, macho yapo chini. Selestini alikuwa akichagua kwa kidole, wewe, na wewe, na wewe pale. Na Mahona, huku askari wakimshika makwapa kumwinua, akajikuta anamwomba Mungu kidole kile kimfikie Mhoja. Nani mwingine angemlishia watoto?