Saa Nzima, Ukuta Mgonjwa

Mshonaji alihamishia saa ya marehemu shangazi yake kwenye ukuta wa zege kutoka ule wa mbao, apate tu nafasi ya kioo cha wateja. Leo siku ya tatu, na saa ile sugu kwa kusimama bado inatembea!

Akaliacha gauni la watu cherehanini, akafukua mada yake ya miaka tisa iliyopita kuhusu saa hiyo kwenye kundi la wapenzi wa saa mtandaoni. Humo mwanachama mmoja, Kobe, alikuwa ameandika: "Saa yako ni nzima, dada. Ukuta wako wa mbao ndio unatikisika." Naye mshonaji alimjibu akapimwe akili.

Sasa akaandika mbele ya wote: "Kaka Kobe, ulisema kweli."

Jibu likaja papo hapo: "Asante, dada. Bado mada kumi na nne ulizonibishia."