Mbawakawa Aliyeitwa Mutisya

Jumamosi asubuhi Wavinya alifungua bomba la jikoni, maji yakaja na weusi wake wa siku zote, na mbawakawa mmoja akaangukia ndani ya ndoo. Wavinya alikuwa mtaalamu wa wadudu wa maji. Kazi yake, kwenye maabara huko mjini, ilikuwa kuwapima, kuwachora na kuwaandikia maelezo wadudu ambao sayansi haijawajua. Akamwopoa kwa kijiko cha chai, akamtia kwenye gilasi, akamtazama kwa lenzi. Miguu ya nyuma ilikuwa na nywele za rangi ya dhahabu, na tumboni palikuwa na kifuko cha hewa cha aina ambayo hajapata kuiona. Loo! Nusura apige vigelegele.

Furaha hiyo haikuwa ya kitaalamu tu. Kaka yake, Mutisya, alikuwa amekufa kwa kipindupindu mwaka uliopita, pamoja na majirani kadhaa wa ploti yao ya vyumba vya kupanga hapo Kayole. Kampuni ya maji ilishikilia kwamba bomba lake ni zima, marehemu walikula vibaya. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kampuni hii ilikuwa na mwaka mzima na bado inaendelea. Kila mwenye pua alijua bomba limepasuka pale linapopita ndani ya mtaro wa maji taka, nyuma ya ploti. Lakini pua si ushahidi. Mbawakawa huyu, je? Kwa kifuko kile, hangeweza kuishi ila kwenye maji yaliyochanganyika na kinyesi. Akishatambuliwa kuwa spishi mpya, iliyotoka kwenye bomba la maji ya kunywa, kampuni ingesema nini?

Kosa la Wavinya lilikuwa kumwacha mezani akaenda kununua spiriti ya kumuulia na kumhifadhia. Aliporudi, mama yake, Nthenya, alikuwa ameshampa mdudu jina.

"Ni Mutisya," mama akasema. "Mwangalie anavyolala."

Mbawakawa alikuwa anaelea chali, amepandisha mguu mmoja juu ya mwingine, vile Mutisya alivyozoea kujilaza kwenye kochi baada ya kanisa.

"Niaje, siz," mbawakawa akasema.

"Poa," Wavinya akajibu. Kisha akamgeukia mama yake. "Mwaitu, si ungengoja kidogo?"

Maana kwa Wakamba, mtoto akizaliwa huwa bado ni mgeni kutoka kwa waliotangulia, mpaka apewe jina. Akishapewa, basi, ni mtu, ana kwao. Na spishi mpya haikubaliwi kwa maneno matupu: lazima mmoja auawe, achomwe pini, awekwe kabatini, ili mwenye shaka aende akamwone. Angalikuwa mdudu tu, kazi ingaliisha kabla ya chai. Sasa Wavinya alitakiwa amuue kaka yake mara ya pili ili athibitishe kilichomuua mara ya kwanza.

Hakuweza. Siku zikapita. Mama akawa anamdondoshea Mutisya chai ya maziwa na kumlalamikia kwamba amekonda. Kibibi, jirani wa chini, ambaye mumewe Zahoro aliondoka kwa ugonjwa uleule, alipanda ngazi kumjulia hali Mutisya, akamuuliza kama huko alikotoka alimwona mzee wake.

"Yuko, mama. Anatusumbua na bao kama kawaida."

Kibibi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso.

Wavinya alichuja kila ndoo kwa kipande cha chandarua, akitafuta mwingine asiye na jina. Hakupata. Usingizi ukamhama.

"Siz, wacha kuzunguka," Mutisya akamwambia hatimaye. "Mimi nishakufa. Hii ploti iko na watoto, na bado wanakunywa hii kitu." Akapanda mwenyewe hadi ukingoni mwa gilasi. "Fanya chapchap. Na hiyo pini uiweke vizuri, nitakuwa naonwa na wageni."

Mama alisali, akageuza uso. Wavinya alimtumbukiza kwenye spiriti, akalia kwa sauti bila kujali nani anasikia.

Maelezo yakachapishwa. Jina likabaki lile alilompa mama, limevishwa mkia wa Kilatini. Afisa wa mazingira, Wanyoike, alikuja na mafundi, wakashuka mtaroni, wakauona ufa palepale Wavinya aliposema upo. Hakuna aliyebisha. Wavinya akauliza utazibwa lini.

"Kuziba?" Wanyoike akasema kwa upole. "Daktari, si umeandika wewe mwenyewe kwamba hapatikani kwingine duniani? Huyu ni kiumbe adimu. Sheria hairuhusu tuharibu makazi yake."

Mafundi wakauzungushia ufa seng'enge, wakasimamisha kibao cha onyo. Kampuni ya maji ikaahidi ushirikiano.

Jioni Kibibi akaita kutoka chini. "Wavinya, mwanangu! Hebu shuka, kuna mtu kwenye ndoo yangu."

Wavinya akashuka na lenzi. Nywele za dhahabu, kifuko tumboni. Mbawakawa alikuwa akinung'unika kwamba bawaba za mlango zinalia na hakuna aliyezitia mafuta.

"Ni Zahoro," Wavinya akasema.

"Na huyu mtamuua?"

"Hapana, mama. Sayansi inataka mmoja tu."

Kibibi akasema alhamdulillahi. Akamhamishia mumewe kwenye karai pana, kisha akalegeza bomba liendelee kudondosha, asije akakosa maji machafu.