Kimya Katika Kanda ya Aibor

"Usitikisike, Kong, pini itakuchoma," Bidalin alisema. Pini nyingine alikuwa amezibana midomoni, kwa hiyo maneno yalitokea pembeni.

Mteja wake, Kong Esmita, yaani Dada Esmita, alisimama juu ya kigoda katikati ya kibanda cha ushonaji, blauzi mpya ya zambarau imemkaa mwilini kwa bandi tu, zile nyuzi nyeupe za muda ambazo fundi huzitoa cherehani ikishapita. Alikuwa amepanda kutoka mabondeni, upande wa Khatarshnong, kuja Shillong kwa harusi ya mpwa wake, na muda wote wa kupimwa alikuwa akiilalamikia baridi ya mjini. Nje mvua ilikuwa imekatika. Juu ya rafu, kati ya marundo ya sare za shule, redio kaseti kuukuu ilikuwa ikiimba kwa sauti ya chini.

Gitaa lilipobaki peke yake, Kong Esmita aligeuka mzima mzima kuelekea mlangoni. Pini ilimwingia ubavuni, asiijali.

"Nani anamwita Mei Thrin hapo nje?" aliuliza.

Bidalin alichungulia. Barabarani hapakuwa na mtu ila muuza mahindi ya kuchoma akilifunua jiko lake. "Hakuna anayeita," alisema. "Ni kanda tu hiyo."

"Hebu irudishe nyuma."

Kurudisha nyuma ndilo jambo ambalo Bidalin hakupenda kulifanya, na hapa sharti nieleze, maana kanda ile haikuwa kanda ya hivi hivi.

Sisi wa Shillong tuna ugonjwa wetu. Mtu wa huku anaweza kutoka bila mwavuli, ingawa mvua haituachi, lakini humkuti hana la kusema juu ya gitaa. Kanisani tunaimba kwa sauti nne, tukitoka tunagombania roki. Na katika wapiga roki wote tuliopata kuwa nao, Bidalin alikuwa na mmoja tu moyoni. Aibor, mwana wa mabondeni, alikuja mjini na gitaa la kuazima, akatoka nalo hadi Mumbai, akafia huko kabla nywele zake hazijaota mvi. Bidalin alimwona kwa karibu akiwa bado anajifunza kushona. Aibor aliingia kuchukua koti jeusi la kuvaa jukwaani jioni ile ile, na koti lenyewe lilikuwa bado la bandi. Msichana nusura alie. Aibor akalivaa hivyo hivyo, nyuzi nyeupe zikimtambaa mabegani, akajitazama kiooni, akasema limetoka zuri kuliko alivyoagiza. Akapanda nalo jukwaani.

Baadaye alirudi kushukuru, akamwachia kanda aliyojirekodi mwenyewe nyumbani kwao kijijini, kabla studio ya Kolkata haijazigusa nyimbo zake. "Na hizi bado ni za bandi," alimwambia.

Zilipotoka za studio Bidalin alizinunua pia, akawa anazilinganisha na za kanda kama anavyolinganisha mikono miwili ya shati kabla ya kuishona. Alijua ni wapi Kolkata waliongeza ngoma, ni wapi waliinyoosha sauti iliyokwaruza, na ni neno gani Aibor alilimeza kwenye kanda akaja kulitamka vizuri studio, likaisha ladha. Mumewe, Bah Kerlang, alikuwa mtu wa studio. "Ukiona vyaelea vimeundwa," alipenda kusema. "Nani anatoka nyumbani na shati ambalo halijapigwa pasi?" Bidalin humjibu kwamba pasi kali huunguza. Ugomvi huo waliufanya kwa raha, chai mkononi, na haukupata mshindi.

Wimbo walioupigania zaidi ni ule wa kilima. Katikati yake, studio waliweka lile gitaa refu la kupaa ambalo vijana wote wa mji huu hulipiga kwa mluzi. Kwenye kanda halipo. Kuna kipande cha gitaa tu, kinapanda na kushuka kama kisicho na mpango, kinarudiwa, halafu kimya. Kimya kweli, unasikia maji yakipita mbali, mbwa, pumzi ya mtu, kisha wimbo unaendelea. Kerlang alisema huyo ni mtu aliyesahau wimbo wake mwenyewe. Bidalin naye, pamoja na mapenzi yote, hakuwa na utetezi bora: anatafuta pa kuweka vidole, mwache. Alikipenda kile kimya asijue kwa nini. Kijana wa duka la simu alipomhamishia nyimbo kwenye simu, alimrudishia zimesafishwa, mkwaruzo umeondolewa na kimya kimekatwa, akadhani amefanya hisani. Tangu hapo Bidalin hakumpa mtu kanda ile, na aliicheza kwa nadra, kwa sababu ilikwisha kukatika akaiunga kwa gundi.

Lakini mwanamke aliyechomwa na pini bila kulalamika hakataliwi. Aliirudisha. Kong Esmita alisikiliza, mkono umeshika ubavu, akatikisa kichwa polepole.

"Huo si muziki, Kong. Hilo ni jina."

Bidalin alizaliwa mjini. Habari za vijiji vile, ambako mama humtungia kila mtoto wake mlio wa peke yake, akaitwa kwa huo maisha yake yote, alikuwa amezisikia kama sisi sote tulivyozisikia, juu juu. Kwamba Aibor alitoka huko kila shabiki alijua. Hakuna aliyewahi kuvisogeza vitu hivyo viwili pamoja.

"Jina la nani?"

"La Mei Thrin. Mama yake Aibor. Na si lile fupi la nyumbani, ni refu, la msituni. Mtu akiitwa hivyo anaitwa kutoka kilima cha pili."

"Akishaitwa, hufanyaje?"

"Si anaitika? Anaimba jina la aliyemwita, ajue amesikika. Unaita, unangoja."

Bidalin alizitoa pini midomoni moja moja akazichomeka kwenye kitambaa cha mkononi. Miaka yote ile alikuwa amekaa na kimya kile kibandani mwake, akikihurumia, na kumbe mtu alikuwa anangoja kuitikiwa.

Aliuliza kama Mei Thrin amewahi kuusikia wimbo huu. Kong Esmita alisema aliusikia ule wa studio, wakubwa wa bendi walipouleta kijijini, akawaambia amesikia watu wengi humo ila mwanawe hakumsikia. Baada ya msiba hakutaka tena kuletewa. Na hata angetaka, aliongeza, hawezi kumwitika. Aibor sasa anakula tambuu nyumbani kwa Mungu, na kwao mtu akiondoka jina lake la wimbo linaondoka naye, haliimbwi tena wala hapewi mwingine.

Jioni hiyo Bidalin alimweleza mumewe kila kitu, na safari hii Kerlang hakutania. Alisema kidonda cha mama huyo kimekauka, akienda na kanda atakitonesha. Alisema pia kwamba kanda yenyewe imechakaa, inaweza kukatika njiani, na ikikatika imekwenda, kwa kuwa hakuna nyingine duniani. Kwa nini asiiache mahali ilipo salama?

"Kwa sababu si yangu," Bidalin alisema. "Yangu ni koti tu. Hii ni amana."

Kerlang akaenda kumtafutia betri mpya za redio.

Gari la abiria lilimshusha Bidalin pale barabara inapokoma, akateremka ngazi za mawe zenye ukungu, redio imefungwa mgongoni kwa shali. Kila aliyepishana naye aliiona redio akamwelekeza kwa mama yake Aibor bila kuulizwa. Mei Thrin alikuwa barazani akifunga majani ya ufagio mafungu mafungu, mwanamke mdogo wa umbo, mgumu, mwenye meno mekundu ya popoo. Alimkaribisha kigoda, akamkunjia tambuu na chokaa kabla ya kumwuliza jina, nao wakatafuna hadi masikio ya mgeni yakapata moto. Ndipo Bidalin akasema alichokileta.

"Walishaniletea," Mei Thrin alisema, mikono yake haikuacha kazi. "Umeshuka ngazi zote hizo bure, binti yangu."

"Hii ni ya kabla yao, Mei. Alijirekodi hapa hapa kwako."

"Hapa? Mimi sikumsikia."

"Labda hukuwapo."

Mei Thrin alifikiri. Msimu ule, alisema, alikuwa akishinda kwenye mipopoo yake ng'ambo ya kilima, hurudi giza likiingia, na Aibor alikuwa hajisogezi kusaidia, gitaa tu kutwa. Alimgombeza sana. Alisema hivyo akitazama majani, kisha akaashiria kwa kidevu kwamba redio iwekwe chini.

Wimbo ulianza na mkwaruzo wake. Sauti ya Aibor ilitoka changa, ina mafua kidogo. Gitaa likabaki peke yake, likapanda, likashuka, likarudia, na mikono ya Mei Thrin ikasimama juu ya fundo. Kikaja kimya. Maji, mbwa, pumzi. Alifungua kinywa, akakifunga. Wimbo ukaendelea bila yeye, na Bidalin akaona aibu kubwa, kama mtu aliyefungua mlango usio wake. Alinyoosha mkono azime.

"Huyo mbwa ni wetu," Mei Thrin alisema. Halafu akasema, "Rudisha."

"Inaweza kukatika, Mei."

"Na ikatike."

Bidalin aliirudisha, kidole juu ya kitufe, akiomba kimoyomoyo kwa ajili ya ile gundi. Mei Thrin aliyaweka majani kando, akainuka, akaenda kusimama ukingoni mwa ua mahali bonde linapofunguka, mgongo umenyooka. Gitaa lilimwita. Likamwita tena. Kikaja kimya, na ndani ya kile kimya Mei Thrin akaimba.

Haikuwa sauti ya kikongwe. Ilitoka tumboni, ndefu, ikavuka mipopoo na kugonga kilima cha pili, ikapinda mahali ambapo hakuna aliyeitazamia kupinda, ikashuka. Pale pale iliposhuka, bila hata nafasi ya kupitisha sindano, gitaa la Aibor likaingia na wimbo ukaendelea. Kijana yule alikuwa ameacha nafasi yenye urefu wa jina lake mwenyewe. Bidalin amekata vitambaa maisha yake yote na hakuwahi kuona kipimo kama kile. Alilia waziwazi, wala hakutafuta kitambaa.

Chini kwenye mipopoo milio ya mapanga ilikuwa imekoma. Jina lile halikuwa limesikika bondeni tangu msiba, na Bidalin alingoja mtu akemee. Hakuna aliyekemea. Wanawake wawili waliokuwa wakipanda ngazi na vikapu mgongoni walivitua, wakageuka kutazama njia inayotoka barabarani, kama wanaomngoja mwenye jina, wakabaki wamesimama hivyo. Mei Thrin naye hakurudi barazani. Kanda iliendelea kuzunguka.