Sikio la Kiboko wa Jiwe

Mimi si mtu wa kuzungusha maneno, na mume wangu Omosa analijua hilo. Mose alipofika miezi tisa nilitangaza nyumbani kwetu Suneka: kitu chochote kinachopita ndani ya kile kibomba cha karatasi kinachobaki tishu ikiisha, mtoto hachezei. Nililisikia kliniki nikalishika. Kwa hiyo Mose alikuwa na bakuli la plastiki, mwiko, na mpira wa kitambaa nilioushona mwenyewe. Majirani walinicheka eti mtoto wangu anachezea vyombo. Wacheke tu.

Jumapili moja akaja baba mkwe, mzee Ongeri, kutoka Tabaka. Amechonga mawe ya sabuni, yale laini ya vinyago, tangu ujana wake, na alikuwa amemletea mjukuu kiboko mweupe, mkubwa kama ngumi, amesuguliwa hadi akawa laini. Nilimwita Omosa jikoni nikamwambia jiwe halimfai mtoto anayetafuna kila kitu, amwambie baba yake.

"Halipiti kwenye kibomba chako," akasema. "Unataka nimwambie mzee hatutaki kazi ya mikono yake?"

Mimi singeweza kumwambia. Kwetu Wagusii, baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa umbali: hamshikani mikono, humsogelei alipoketi, na neno zito hupitia kwa mtu mwingine. Huyo mtu mwingine ndiye aliyerudi sebuleni kunywa chai. Nilikasirika, nikasonga ugali kwa kelele.

Nilipoleta maji ya kunawa, Mose alikuwa amepakatwa na babu yake, kiboko mkononi. Kiboko sasa alikuwa na sikio moja tu. Mdomo wa mtoto ulikuwa wazi na sauti haitoki.

Sikumbuki kuweka birika chini. Nilimnyakua Mose mapajani pa mzee, kiwiko changu kikamgonga mzee kifuani, nikamlaza mtoto kifudifudi juu ya mkono wangu, kichwa chini, nikampiga mgongoni. Mara tatu. Mara ya nne kipande kikaanguka sakafuni, na Mose akalia. Hapo ndipo hofu iliponishika.

Mzee aliinama akaokota lile sikio. Upande uliovunjika ulikuwa na gundi iliyokauka.

"Lilikatika nikichonga," akasema, akiniangalia mimi, si Omosa. "Nikaligandisha kwa gundi na unga wa jiwe. Tumezoea. Mnunuzi haoni."

"Mnunuzi hali kiboko, baba."

Miaka mitatu ya ndoa, na hilo ndilo neno langu la kwanza kwake mbali na salamu. Alilifikiria.

"Ulijua ni hatari?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilimtuma mtu."

Mzee akamgeukia mwanawe, akamtazama mpaka Omosa akainamisha uso. Kisha akanirudia.

"Siku nyingine, mama," akasema, "usitume mtu."