Nusu ya Njia kwa Mzee Opoku

Ukurasa ulikuwa tayari, lakini mama alikuwa hataki kuutazama. Siku tatu zilibaki watu waje kukaa matanga ya wiki moja tangu kifo cha Mzee Opoku, fundi saa wa mtaa wa Asafo. Konadu, bintiye, ndiye aliyemtengenezea ukurasa wa kumbukumbu mtandaoni, maana ndiyo kazi inayomweka mjini. Jamaa wote wa Kumasi walishauona, wakausifu. Lakini sifa za jamaa zilimfaa nini? Alimtaka mama yake amwone mumewe japo mara moja, na mama tangu msiba alizigeuza picha zote za sebuleni zikatazama ukuta.

"Tazama kidogo tu, Mama. Usipoupenda naufuta."

"Wewe na mashine yako. Baba yako hakuipenda akiwa hai, leo ndiyo aishi humo?"

Akavuta kigoda hata hivyo. Konadu akaweka kipanya cha kompyuta juu ya picha iliyofifia, nayo ikaanza kung'aa polepole, ikakua kidogo, mpaka Mzee Opoku akawa anacheka na lile pengo lake la meno. Mama akashusha pumzi. Konadu akasogeza kipanya amwonyeshe picha ya pili, na ile ya kwanza ikafifia papo hapo, kama taa iliyozimwa.

Mama akasimama. "Ndivyo alivyoondoka. Vivyo hivyo."

Sasa huyu Mzee Opoku, hata akienda kununua chumvi hapo kona, alikuwa lazima aombe njia, yaani ruhusa ya kuondoka, kama mgeni. "Frema, naomba njia." Naye mkewe alikuwa akimjibu kama mwenyeji yeyote anayetaka mgeni wake arudi: "Nakupa nusu." Nusu iliyobaki sharti arudi aifuate mwenyewe. Miaka thelathini na minne walicheza mchezo huo, na watoto waliwacheka.

"Asubuhi ile nilikuwa nimenuna," mama akasema, macho kwenye sakafu. "Nilimpikia madonge ya kenkey ya mahindi na samaki, hakugusa. Akaomba njia pale mlangoni. Nikanyamaza, nikaendelea kusugua sufuria. Akasubiri, Konadu. Nilimsikia akisubiri. Saa nne wakaja kuniambia ameanguka kwenye meza yake ya kazi."

Konadu moyo ulimuuma. Maneno ya pole alikuwa nayo, lakini yote aliyaona mepesi. Basi akageukia anachokijua, akafungua maandishi ya amri yanayouendesha ukurasa na kuyasoma mstari kwa mstari.

Kosa lenyewe lilikuwa la mwanafunzi. Amri ya kwenda polepole aliiandika ndani ya maagizo ya picha inapoguswa na kipanya, basi. Ikiguswa inakuja kwa adabu. Ikiachwa haina amri yoyote, inakurupuka. Miaka sita kazini, na kosa kama hilo kamfanyia baba yake mzazi! Akaikata ile amri, akaipandisha kwenye maagizo ya picha yenyewe, ifanye kazi picha ikiguswa na ikiachwa. Akaipa sekunde nne. Bosi wake angesema ni nyingi mno, wateja watachoka. Bosi wake hakuwa amefiwa.

"Kaa, Mama. Sasa shika wewe."

"Nikikiharibu je?"

"Hakiharibiki. Kiweke juu ya baba."

Mama akakishika, akakiweka. Mzee Opoku akaja taratibu, na pengo lake na shati lake la Jumapili. Mama akamtazama kwa muda mrefu, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Ukiwa tayari, sogeza," Konadu akasema.

Mama akasogeza. Safari hii mzee hakukurupuka. Alianza kufifia kidogo kidogo, bado anacheka.

"Nakupa nusu," mama akamwambia, upesi upesi, kabla hajaisha. "Umenisikia, Opoku? Nusu tu."

Kisha akakirudisha kipanya juu ya picha, akangoja zile sekunde nne, na mzee akarudi.