Sentimita Sitini

Mabaharia wa pwani ile walimjua kwa sauti tu, wengi wao hawakuwahi kumtia machoni. Kila siku saa moja asubuhi aliwasomea hali ya bahari kwenye redio: upepo unatoka wapi, mawimbi yana urefu gani, maji yanajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi. Alisoma taratibu bila kutia chumvi, na kila mara alimalizia kwa kuwakumbusha wavae makoti ya kuokolea maisha. Kwa ukumbusho huo walimbandika jina la Bi Tahadhari. Alilisikia, akalizoea, na siku hizi hata mkuu wake wa kituo cha hali ya hewa humwita hivyo mbele ya wageni.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, anaishi na mama mkwe wake. Mumewe alipofariki, ndugu walidhani kila mmoja angeshika njia yake. Haikuwa hivyo. Walibaki wawili katika nyumba ile ya vyumba vitatu, wakigombania chumvi ya mchuzi na sauti ya televisheni, wala hakuna aliyewahi kutaja habari ya kuhama.

Jumanne moja mama mkwe alikuwa na miadi ya macho katika hospitali iliyo ng'ambo ya ghuba. Chombo cha kumvusha kilikuwa boti ya abiria ya mwanawe mdogo, yaani shemeji wa Bi Tahadhari. Kuvuka ni mwendo wa saa moja na nusu. Kwa barabara unaizunguka ghuba nzima, na basi hutumia saa tano.

Asubuhi hiyo mama mkwe alipiga simu kituoni, tayari ameshafunga kitambaa.

"Mwanangu, bahari ikoje? Maana huyu mwanangu mwingine nikimuuliza, kwake kila siku ni shwari."

Bi Tahadhari alitazama kioo cha kompyuta. Boya la vipimo, lile la rangi ya manjano lililotiwa nanga nje ya ghuba, lilikuwa limeleta namba yake: mawimbi sentimita sitini. Upepo karibu hakuna.

"Imetulia, Mama. Nenda tu."

"Basi nakwenda."

Boti iliondoka saa tatu kamili na abiria kumi na wanane.

Saa nne na dakika tano simu ya mezani iliita. Alikuwa mtunza mnara wa taa wa ng'ambo, mzee asiyekuwa na maneno mengi, ambaye kwa kawaida hupiga mara moja kwa mwezi kuuliza habari za betri.

"Leo mmesema mawimbi kiasi gani?"

"Sitini."

"Sitini nini? Maana huku yanavunjika juu ya mawe ya gati, na maji yanaruka mpaka dirishani kwangu. Upepo wenyewe hamna, hata bendera imelala."

Bi Tahadhari alirudisha kurasa za vipimo nyuma. Saa kumi na mbili asubuhi, sitini. Saa kumi na moja, sitini. Usiku mzima na jioni yote ya jana, sitini, haikupanda wala kushuka hata sentimita moja. Hakuna bahari duniani inayokaa hivyo. Boya lilikuwa limekwama tangu saa kumi ya jana na kurudia namba ile ile kama kasuku. Yeye alikuwa ameiona, akaipenda, akaisoma redioni.

Alifungua picha za setilaiti. Dhoruba ilikuwa mbali sana kusini, mbali kiasi kwamba hakuna mtu wa pwani ile angeona hata wingu lake. Lakini mawimbi yake yalikuwa yamesafiri siku tatu, marefu na mazito, na sasa yamefika. Kwenye kina kirefu mawimbi ya namna hiyo hukuinua na kukushusha polepole, nahodha akadhani anabembelezwa. Ubaya wake ni mlangoni, pale kwenye uwazi mwembamba wa mwamba, njia ya kuingilia bandari ya ng'ambo. Maji yalikuwa yanakupwa tangu saa tatu, yanatoka kwa nguvu mlangoni humo, na mawimbi yanaingia. Yakikutana husimama wima, kisha huanguka.

Alishika kikuza sauti cha redio. Kwanza alisoma onyo kwa vyombo vyote, mara mbili, kwa sauti yake ya kila siku. Halafu akaiita boti ya shemeji yake.

"Nakupata, shemeji," nahodha alijibu. Nyuma yake mtu alikuwa akicheka. "Nimesikia onyo lako. Bandari hii hapa, naiona kwa macho yangu. Dakika kumi niko ndani."

"Usiingie."

"Unasema?"

"Usiingie mlangoni. Geuza, rudi kwenye maji marefu, elekeza pua ya boti kwenye mawimbi, ukae hapo mpaka maji yaanze kujaa. Saa tisa."

"Saa tisa! Shemeji, nina watu kumi na wanane, na wengine wameshaanza kutapika. Niwaambie nini? Kwamba gati ile pale lakini tukae tu tunayumba?"

"Waambie hivyo hivyo. Mafuta yanakutosha?"

"Yatatosha nikienda polepole. Ila asubuhi ulisema shwari."

"Asubuhi nilikosea. Sasa sikosei."

Redio ilikoroma. Angeweza kumkumbusha kwamba mama yake yumo humo botini. Hakusema, nahodha alilijua hilo kuliko yeye. Alisubiri huku kidole kikiwa kwenye kitufe.

Nahodha aliporudi hewani, hakuna tena aliyekuwa akicheka nyuma yake.

"Shemeji, kuna kiboti cha starehe mbele yangu, kimeingia mlangoni. Watu wawili. Kimeinuliwa mkia... kimepinduka. Wote majini."

"Wamevaa makoti?"

"Wamevaa. Nawaona, wanasukumwa kwenye mawe."

"Usiwafuate. Nampigia mtunza mnara, ana kamba na watu. Wewe geuza."

"Nageuza."

Mtunza mnara na wapakuzi wanne waliwatoa wale wawili, mtu na mkewe, mume akiwa amevunjika mkono na mke hana hata mkwaruzo. Boti ya abiria ilikaa nje saa nne na zaidi. Bi Tahadhari aliiita kila nusu saa, na kila nusu saa shemeji yake alimjibu kwa neno moja: "Tupo." Mkuu wa kituo alimletea chai, ikapoa, akaiondoa mwenyewe. Saa tisa na dakika kumi mtunza mnara alipiga kusema mlango umelainika. Saa tisa na nusu boti ilifunga kamba gatini, abiria wote kumi na wanane wakiwa hai na rangi zimewatoka.

Ilibaki ripoti. Mkuu wa kituo, mtu mwema anayependa kila mtu afike kustaafu salama, alikaa pembeni ya meza yake.

"Andika kifaa kilipata hitilafu. Ni kweli, na inatosha."

"Ni kweli, ila haitoshi."

"Bi Tahadhari, usijichongee."

Aliandika kwamba boya lilikwama. Chini yake akaandika kwamba mtabiri wa zamu alikuwa na namba kumi na tano zinazofanana mbele yake, akasoma ya mwisho bila kutazama nyingine, na kwamba onyo lilichelewa zaidi ya saa tatu. Akatia sahihi. Wiki mbili baadaye barua ya karipio ilifika kutoka makao makuu, yanakotoka barua zote, ikaingia kwenye faili lake. Pamoja nayo ulikuja utaratibu mpya: kila alfajiri, kabla ya utabiri kusomwa, mtu apige simu mnarani na kuuliza bahari inaonekanaje kwa macho.

Mama mkwe alilala ng'ambo siku ile kwa binti wa dada yake, kwa kuwa daktari wa macho alikuwa ameshaondoka. Alirudi kesho yake kwa basi. Bi Tahadhari alimpokea kituo cha basi, akamchukulia mkoba, na walipofika nyumbani akamweleza yote tangu namba ya kwanza, bila kujitetea.

Mama mkwe alisikiliza huku akikanda magoti.

"Kwa hiyo ulinituma bila kutazama."

"Ndiyo, Mama."

"Mwanangu mdogo anasema ungenyamaza dakika kumi zaidi, tungeisha."

"Nadhani."

"Haya." Bibi alijikokota akasimama. "Nipashie maji ya kuoga, nanuka basi."

Hawakulizungumza tena. Lakini miadi ya macho ilipopangwa upya, mama mkwe aliamka saa kumi za usiku akapanda basi, saa tano kwenda na saa tano kurudi. Na iliyofuata vilevile. Shemeji alinung'unika kwamba mama anamwaibisha mbele ya manahodha wenzake, akamwomba Bi Tahadhari amshawishi. Alikataa. Alimfungia bibi chakula cha njiani, akamsindikiza hadi kituo cha basi, akangoja mpaka basi likakata kona, ndipo akaenda kazini.