Mzee wa Mstari wa Mbele

Katika jarida la mji lililotoka mara moja kwa mwezi, kila sentensi ilipita mezani kwa mwanamke waliyemwita Bi Ushahidi. Mwandishi akisema jengo fulani lina ghorofa sita, yeye alikwenda kusimama barabarani akazihesabu. Hata hivyo, mwaka huo makosa mawili yalikuwa yamempiga chenga. La pili lilimuua mwalimu mstaafu kwenye ukurasa wa kumi na mbili, naye marehemu akaja ofisini kwa miguu yake kulalamika.

"La tatu, unafungasha virago," mhariri mkuu alimwambia.

La tatu lilimjia ndani ya bahasha. Jarida lilikuwa limeenda kiwandani kuchapwa tarehe ishirini, likiwa na uhakiki wa tamthilia mpya. Tarehe ishirini na nne zikaletwa tiketi za mwaliko: onyesho la kwanza, Jumamosi tarehe ishirini na nane, saa tisa alasiri.

Alimwendea mwandishi wa sanaa, ambaye ofisi nzima ilimwita Profesa ingawa hajawahi kufundisha mtu chochote.

"Umehakiki onyesho ambalo halijafanyika?"

"Niliona mazoezi, dada. Maneno ni yaleyale, nguo tu hazikuwa zimepigwa pasi."

"Na watazamaji waliosimama kupiga makofi?"

"Watasimama."

"Na mzee wa mstari wa mbele aliyekoroma sehemu ya pili nzima?"

"Kila tamthilia ina mzee wake. Huo si uongo, ni takwimu."

Bi Ushahidi alikuwa amekagua majina ya waigizaji, ukumbi, hata idadi ya viti. Tarehe hakuitazama.

"Basi mzee huyo atapatikana," alisema.

Alikuwa naye. Mjomba wake, kaka wa mama yake, aliwahi kulala kwenye kiti cha daktari wa meno, tena jino likiwa linang'olewa. Jumamosi Bi Ushahidi alimlisha mchana sahani mbili zilizojaa, akamketisha mstari wa mbele, yeye na Profesa wakakaa nyuma yake.

Mjomba hakufumba jicho. Alicheka, alilia, alimwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma ya pazia.

"Mjomba, pumzika kidogo," Bi Ushahidi alimnong'oneza sehemu ya pili ilipoanza.

"Nipumzike wakati huyu mwanamke anadanganywa? Kwanza mwambie yule bwana apunguze, sisikii."

Ndipo naye akausikia mkoromo. Viti vinne kushoto kwa mjomba, mstari uleule wa mbele, mhariri mkuu alikuwa amelala mdomo wazi, huku mkewe akimpiga kiwiko bila mafanikio. Alikoroma hadi mwisho. Kilichomwamsha ni makofi, kwa kuwa Bi Ushahidi na Profesa walisimama kwanza na ukumbi mzima ukawafuata.

Siku jarida lilipotoka, mhariri alimwita ofisini na kufunga mlango.

"Hii ilichapwa tarehe ishirini. Onyesho lilikuwa tarehe ishirini na nane."

"Ni kweli, bosi. Sikukagua tarehe. Kosa ni langu, na niko tayari kuandika sahihisho." Alifungua daftari. "Nimelinganisha kila sentensi na yaliyotokea. Ukumbi, sawa. Watazamaji kusimama, sawa. Mzee kukoroma sehemu ya pili nzima, sawa. Mashahidi ni mimi, mjomba wangu, na shemeji aliyekuwa pembeni yako. Nisahihishe lipi?"

Mhariri aliweka kidole juu ya neno "mzee".

"Mimi nina miaka hamsini na moja," alisema.

"Ndiyo, bosi."

"Hamsini na moja si uzee."

Bi Ushahidi alilifikiria hilo kwa haki, akakubali kwamba hapo ana hoja. Toleo lililofuata lilibeba sahihisho moja tu, lililoandikwa na mhariri mkuu mwenyewe: mtu aliyekoroma kwenye tamthilia hakuwa mzee, bali bwana wa makamo. Lilipofika mezani kwake, Bi Ushahidi alilisoma mara mbili, akaomba kuona cheti cha kuzaliwa, kisha akatia saini.